Tathmini ya ncdu: kusafisha diski ya seva kuukuu mjini Moshi

Seva ninayoisimamia katika ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa hapa Moshi inatumia mfumo endeshi wa Linux na diski ya SCSI, muundo wa zamani, ya gigabaiti 73, aina ambayo ukiiulizia madukani, iwe hapa au Arusha, muuzaji anakutazama tu. Kwa hiyo inapojaa hatununui, tunasafisha, na chombo ninachokitegemea ni ncdu, programu ya bure ya Yoran Heling inayoonyesha ni folda zipi zinakula nafasi ya diski, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2007.

Amri ya zamani ya du, inayopima ukubwa wa folda, inazo taarifa zote, ila inazimwaga skrini nzima na kukuachia kazi ya kuzichambua. Ncdu huipekua diski mara moja, ikazipanga folda kuanzia kubwa kuliko zote, nawe ukaingia na kutoka kwa mishale ya kibodi, jambo linalofaa sana unapofanya kazi kwa SSH, yaani ukiwa umeingia kwenye seva kutoka mbali, na intaneti inasuasua. Mara ya mwisho niliingia folda ya /var, kisha /var/log, na juu kabisa likakaa faili moja la kumbukumbu (log) za barua pepe lenye gigabaiti 11, kwa sababu logrotate, programu ya kupunguza mafaili ya kumbukumbu, haikuwa imeelekezwa kulihudumia.

Hapo ndipo udhaifu wa programu hii unapoonekana. Herufi d hufuta moja kwa moja, bila pipa la taka, na swali la uthibitisho lina chaguo la kutokuulizwa tena ambalo, kwa maoni yangu, halikupaswa kuwepo. Zaidi ya hayo, faili likifutwa huku huduma fulani bado imelifungua, nafasi hairudi: amri ya df, inayoonyesha nafasi iliyobaki, inaendelea kusema diski imejaa, wakati ncdu haioni kitu, kwa kuwa inahesabu tu mafaili ambayo bado yana jina kwenye folda. Mafaili ya namna hiyo hufichuliwa na amri ya lsof +L1, na nafasi hurudi huduma ikiwashwa upya. Faili la kumbukumbu linaloendelea kuandikwa ni afadhali kulikausha, yaani kuliacha tupu, kwa amri ya truncate -s 0 kuliko kulifuta.

Nashauri iendeshwe kwa ncdu -rx, ambapo r huzuia kufuta na x huizuia isivuke kwenda kwenye diski nyingine zilizounganishwa. Iendeshwe pia kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, la sivyo folda isizoruhusiwa kuzisoma zitawekewa alama ya mshangao na hesabu itapungua. Panapo barua pepe nyingi, kila moja faili lake, upekuzi huchukua muda mrefu na kuichosha diski. Afadhali uendeshwe usiku kwa -o, matokeo yakitumwa kwenye kompyuta nyingine, kisha yasomwe asubuhi kwa -f.

Toleo la 2 limeandikwa upya kwa lugha ya programu ya Zig na linatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndogo zaidi, nafuu kubwa kwa mashine yenye RAM haba, ingawa toleo la 1 bado linatosha. Isakinishwe mapema, kwa maana diski ikishajaa kabisa hata usakinishaji hugoma. Aliyechelewa anaweza kunakili faili moja la ncdu linalojitegemea kwenye folda ya /dev/shm, ambayo hukaa ndani ya RAM, na kuliendesha kutoka huko.