Draya ya mtumba "kutoka Uingereza": mawese yangu yamesingiziwa

Msinunue. Naanza na hilo ili mwenye haraka aondoke nalo, sisi wengine tubaki tusimuliane.

Nina gesti ndogo hapa Kigoma mjini, upande wa Mwanga. Anayeijua mvua ya huku anajua kwamba ikishakolea, mwenye mashuka ya watu hana amani mpaka karibu na Mei. Unaanika asubuhi, saa sita wingu limeshatanda, mnakimbizana uani na mabeseni. Mgeni anayesubiri boti hataki kusikia habari za wingu, anataka shuka kavu lisilonuka uvundo. Ndiyo maana mwaka jana, katikati ya mvua hizo hizo, nikanunua mashine ya kukaushia nguo. Mtumba. "Imetoka Uingereza, haijatumika sana," mwenye duka aliniambia. Duka silitaji, na sababu mtaiona.

Nisiidhulumu mashine. Miezi ya mwanzo niliipenda kupita kiasi. Taulo zilitoka laini, zina joto, unatamani ujifunike uso. Binti anayenisaidia kufua alikuwa anaiita shemeji. Umeme inakula, LUKU yangu haikuwa ikitulia, lakini chumba kilikuwa kinauzwa mchana huo huo badala ya kufungwa kisa shuka halijakauka. Mtu angeniuliza wakati ule ningemwambia auze hata baiskeli anunue.

Kisha ikaanza harufu. Si ya kuungua hasa, ni kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanga. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa itazoea. Itazoea nini? Mashine inazoea?

Jioni moja moshi mwembamba ukatokea nyuma, pale hewa inapotokea, mashuka yakiwa ndani. Binti akakimbilia mlango wa mashine, nikampigia kelele aache, maana kama kuna moto unafukuta humo, kufungua ni kuupa hewa. Nikashusha meni swichi. Maji hatukumwaga. Wageni wote nje, wengine na mabegi yao, mmoja na taulo. Namba ya Zimamoto, 114, ilikuwa tayari kwenye simu, bado kubonyeza kupiga, moshi ukakata wenyewe. Tulipofungua baadaye, mashine imeshapoa, shuka la juu lilikuwa na doa la kahawia upana wa kiganja, ukiligusa linavunjika.

Nikalibeba lile shuka mpaka dukani.

Bwana yule hakuuliza kama kuna aliyeumia. Alikuwa anakula karanga. Akalipokea shuka, akalinusa. Jamani, alilinusa! Akawageukia vijana wake akacheka, halafu akasema, "We mama, nyie watu wa Kigoma na mawese yenu. Umekaushia matambara ya jikoni wewe. Mashine za Wazungu hazijui mawese."

Kinachonichoma ni kwamba ndani ya tusi lile kuna kitu cha kweli, na hilo nalijua vizuri kuliko yeye. Kitambaa chenye mafuta ya kula hata ukikifua, mafuta mengine hubaki kwenye nyuzi. Ukikipasha joto halafu ukakirundika, yale mafuta huendelea kujichemsha yakikutana na hewa, na nguo inaweza kuwaka yenyewe mashine ikiwa imeshazimwa, watu wamelala. Ndiyo sababu vitambaa vya jikoni kwangu havijawahi kuingia mle hata siku moja. Vinaanikwa kwenye uzio wa nyuma, inyeshe isinyeshe, na wapishi wanalijua hilo kuliko bei ya dagaa. Nikamweleza hivyo hivyo, kwa adabu. Akanijibu, "Wote mnasema hivyo."

Wote! Wote kina nani? Kumbe tuko wengi?

Sikumjibu, maana ningemjibu vibaya. Nikamtafuta fundi wa majokofu, mtu mzima wa Ujiji asiye na maneno mengi, akaja akafungua bati la nyuma. Sasa nisikilizeni hapa. Mashuka yangu yote ni meupe na taulo zote ni nyeupe, gesti nzima. Manyoya ya nguo, yaani zile nyuzi laini zinazopukutika nguo zikikaushwa, aliyoyachomoa fundi karibu na koili ya joto yalikuwa ya waridi na ya buluu. Yameshikana tabaka juu ya tabaka, ya chini yamekuwa kahawia, kingo nyeusi. Katikati kulikuwa na kifungo cha plastiki cha nguo ya mtoto, umbo la dubu, kimeyeyuka sikio moja. Mimi sijawahi kupokea mgeni mwenye vifungo vya dubu. Lile chujio la mlangoni nalisafisha kila mzigo ukitoka, lakini manyoya yanayolipita chujio yanajificha ndani huko, na hayo yalikuja nayo.

"Mama, ona na hapa," fundi akasema, akaelekeza bisibisi. Pale panapotakiwa kukaa fyuzi ya joto palikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimesokotwa ncha zote mbili na kuviringishiwa soltepu nyeusi. Soltepu ilikuwa imeanza kulegea, gundi inavuta uzi.

Hiyo fyuzi si ile ya kwenye plagi, msichanganye. Ndani ya mashine iko thermostati inayowasha na kuzima koili ili joto lisizidi. Thermostati ikinata, au manyoya yakiziba njia ya hewa joto likakosa pa kutokea, fyuzi ya joto inakatika, na ikikatika imekatika, hairudi mpaka uweke nyingine. Hapo ndipo mwenye kuuza anapojitia ufundi. Mashine haitoi joto, haulizi kwa nini, anaunga waya. Joto linarudi. Wewe mnunuzi unaweka mkono, unasikia vuguvugu, unafurahi, unatoa hela. Umenunua moto uliofungwa soltepu.

Na hata zisizo za mtumba zina visa vyake. Mwaka 2015 Whirlpool ilitangaza kwamba manyoya katika baadhi ya mashine zake za kukaushia, zikiwemo za Hotpoint na Indesit, yanaweza kugusa koili na kuwaka. Zilizouzwa Uingereza zilikuwa zaidi ya milioni 5. Agosti 2016 ghorofa la watu kule Shepherd's Bush, London, likashika moto, na moto ulianzia kwenye mashine ya kukaushia. Yangu ni ya kampuni nyingine kabisa, siisingizii kampuni ya mtu, kusingiziwa nimeshakuonja. Lakini wenzetu wale wana wa kumdai. Mimi nina risiti ya kuandikwa kwa mkono, muhuri hauna.

Nikarudi dukani na waya na kifungo kwenye mfuko wa nailoni, nikavimwaga juu ya kaunta. Bwana akaangalia kifungo kwanza, kisha waya, kisha simu yake. "Nilikuuzia kama ilivyo." Basi. Hakuna pole, hakuna "ngoja tuone". Akamhudumia mtu mwingine aliyekuja kuulizia redio, mimi nimesimama pale pale.

Nimetoka, nimefika kwa bodaboda, mmoja wa wale vijana akanifuata mbio. "Shikamoo mama. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeambiwa niunge ule waya." Mtoto wa watu, mikono inamtetemeka. Nikamwambia marahaba, nenda kafanye kazi. Ndiyo maana jina la duka silitoi. Nikilitoa, bwana hatapoteza kitu, atakayefukuzwa ni huyu.

Fundi aliagiza fyuzi na thermostati Dar, zikaja na basi. Akasafisha ndani kote, akafunga. Na sasa, niwaambie ukweli, inakausha vizuri kuliko siku niliyoinunua. Haipashi ovyo, haina harufu, mzigo unatoka mapema. Kwa hiyo lile "msinunue" la juu labda nilipunguze: nunueni, lakini kabla ya kutoa hela bati la nyuma lifunguliwe mbele ya macho yenu, na fundi awe wenu, si wa duka. Mwenye duka akikataa kufungua... Hapana, ngoja. Nikikumbuka alivyolinusa shuka langu nasema tena: pale kwake msinunue hata pasi.

Kwangu sasa haiwashwi usiku wala nikiwa sipo, na haichomekwi kwenye ekstensheni. Umeme ukikatika katikati, nguo zote zinatolewa hapo hapo na kutandazwa. Zile dakika za mwisho mashine huwa inazungusha bila joto ili nguo zipoe, na umeme ukienda zinabaki zimerundikana na moto wao. Binti ameshazoea, giza likiingia tu namsikia anakimbia.

Ninachotafuta kwa sasa ni bomba la bati la inchi 4 la kutolea hewa nje. Lile la plastiki lenye mikunjo walilonipa "bure" nimelitupa, mikunjo yake inashika manyoya na lenyewe linawaka. Mwenye nalo hapa Kigoma, Kasulu, hata Tabora, aniambie bei. Kama ni yule bwana, asijisumbue.