Kamba ya Mbwa kwa Matembezi ya Milimani: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Tulikuwa tumeshaipita mitambo ya upepo ya Ngong, tunashuka kilima cha pili, mbwa wangu alipowaona mbuzi. Aliruka mara moja tu. Kamba ilibaki mkononi mwangu, nzima kabisa, na mwisho wake kulabu imeachama. Kijana aliyekuwa akichunga alimzuia kwa fimbo bila kumpiga, na mpaka leo namshukuru. Angemuumiza, hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu mbuzi ndio mali ya kwao. Tangu siku hiyo, nikiingia duka la vifaa vya mbwa, naanzia kwenye kulabu.

Nawe anzia hapo. Ishike, uipime uzito kiganjani. Ya shaba au chuma kizito inafaa. Ile nyepesi iliyopakwa rangi ya fedha huvunjika ghafla bila kupinda kwanza ikakuonya. Bonyeza ulimi wake mara kumi, na springi ikikwama hata mara moja, irudishe. Ukipenda karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango wa springi, tafuta alama ya kN (kilonewton, kipimo cha nguvu) ubavuni. Karabina halisi ya wapanda miamba huandikwa nguvu inayostahimili, kwa kawaida 20 kN au zaidi, na ile ya kuning'inizia funguo haina namba hiyo. Halafu geuza ukanda uangalie mshono karibu na kulabu: uwe wa mraba wenye msalaba ndani, sio mstari mmoja wa cherehani.

Sasa orodha yenyewe, kuanzia ile ninayoipenda zaidi.

Nafasi ya kwanza ni ukanda bapa wa nailoni wa mita 2, ukifungwa kwenye mshipi wa kifuani badala ya shingoni. Mbwa akiteleza kwenye mawe, uzito wake hubebwa na kifua, na koo halibanwi. Tafuta mshipi ambao mbele umekaa kama herufi Y, ili mabega yafanye kazi kwa uhuru. Ule wenye ukanda unaokata kifua kwa mlalo unaweza kumfupishia hatua. Uwe na pete mbili, moja mgongoni na moja kifuani. Mbwa anayevuta, mfunge kwenye ya kifuani: akivuta, mwili wake hugeuzwa kuelekea kwako. Mpini mgongoni ni nyongeza yenye maana milimani, maana utamwinua nao kwenye mwamba au korongo. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kabla ya kwenda dukani, na ukimvalisha, vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mbwa mwembamba mwenye kifua kirefu anaweza kurudi kinyumenyume akachomoka. Huyo anahitaji mshipi wenye mkanda wa tatu, unaopita nyuma ya mbavu.

Kwa nini mita 2? Kwa sababu ya nyoka. Bafe hulala njiani akiota jua na hakimbii mtu. Hutulia akitegemea rangi yake imfiche. Mbwa humfikia kwa pua. Kwa kamba fupi, mbwa yuko pale macho yako yalipo, na una nafasi ya kumvuta. Tena katika msitu wa Karura, Nairobi, mbwa hutakiwa kuwa kwenye kamba, na humo mna kima na swala wadogo wanaoweza kumtia wazimu mbwa mtulivu kuliko wote.

Kama ukanda wa dukani ni ghali, fundi wa mabegi anaweza kukushonea kwa mkanda wa nailoni wa kubebea mikoba. Mpelekee kulabu nzuri uliyochagua mwenyewe. Kazi ya fundi mzuri wa namna hii naiamini kuliko kamba nyingi zilizofungwa kwenye karatasi za kung'aa.

Ya pili ni kamba ya mviringo ya wapanda miamba. Ni laini mkononi. Ukimjua mpanda miamba, muombe kipande cha kamba aliyoacha kuitumia. Isiyomfaa tena yeye kwa usalama wake bado itamshika mbwa vizuri. Uzito wake ukilowa ndio kasoro.

Ya tatu ni ile ya kufunga kiunoni. Mlimani kupanda ni raha, mikono yako i huru. Kushuka ni habari nyingine: mbwa wa kilo 30 akimfukuza sungura kwenye mteremko wa Ngong, mnaanguka wote wawili. Inunue tu ikiwa ina kifungo cha kufyatua kwa mkono mmoja, na mbwa wako anakusikiliza.

Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 naiweka ya nne. Ni ya kumfundishia kuitika akiitwa, kwenye uwanja wazi. Vichakani hunasa kila mahali.

Mnyororo ni wa tano, pamoja na kamba ya katani. Mnyororo hupata moto juani na hukwaruza mkono, ingawa kwa mbwa anayetafuna kamba huenda huna chaguo lingine. Katani huchubua viganja, na ikilowa mara nyingi huoza.

Mwisho kabisa ni ile inayojikunja yenyewe ndani ya kasha la plastiki. Najua inapendwa, na mara nyingi ndiyo ya bei ya juu. Lakini uzi wake mwembamba hukata vidole, na kasha likikuponyoka hugonga mawe likimfuata mbwa kwa kelele, naye huzidi kukimbia. Barabarani mtaani, sawa. Mlimani, hapana.

Kola ya miiba au ya kukaba usinunue kabisa.

Kabla hujalipa, fikiria pia unakokwenda. Mbuga za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa wa kufugwa, na sababu ni nzito: mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliwataja mbwa wa vijiji vya jirani kuwa chanzo. Kwa hiyo, mbwa ambaye hajachanjwa distempa na kichaa cha mbwa, pesa ya kamba itangulie kwa daktari wa mifugo. Kola nyepesi yenye namba yako ya simu abaki nayo shingoni hata akivaa mshipi.

Mkirudi nyumbani, mvue mshipi hapo hapo na upapase pale mikanda ilipokaa, kisha kwapani, masikioni na kati ya vidole. Kupe hupenda kujificha huko. Suuza mshipi na uuanike kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni pole pole. Ukishakauka, bonyeza tena ule ulimi wa kulabu.