Tangawizi ya asali au ya kuchemsha?

Majani yakianza kupukutika na mafua kubisha hodi, jikoni huwa na njia mbili: kuloweka tangawizi kwenye asali, au kuichemsha.

Ya kuchemsha ni ya leo leo. Vipande vichache, maji, dakika 10 hadi 15 motoni, unakunywa ingali moto na pua inafunguka. Ila haikai, hata kwenye friji, baada ya siku mbili tatu mimi huimwaga.

Ya asali inataka subira, lakini ndiyo ninayoipenda. Asali ina maji machache, kwa kawaida chini ya asilimia 20, ndiyo maana vijidudu havistawi humo. Tangawizi mbichi huongeza maji hayo, kisha mchanganyiko unaweza kuchacha na kutoa povu. Basi kausha vipande kwanza. Vilivyokauka huwa vikali zaidi, kwa sababu kemikali ya jinjeroli hugeuka shogaoli. Kijiko kimoja usiku husaidia kutuliza kikohozi.

Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza, kwa zote mbili.