Linux ya kuanzia kwa kompyuta ya nyumbani: anza na Mint

Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Ndiyo maana kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimebaki njia panda. Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, huipati kwa kulipia, unaipakua bure. Kazi ni kuchagua, maana aina zake ni nyingi na mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa kuperuzi, video, barua pepe na kuandika nyaraka, chaguo langu la kwanza ni Linux Mint, toleo la Cinnamon. Aliyezoea Windows hapotei: menyu iko chini kushoto, saa chini kulia. Kivinjari cha Firefox na LibreOffice, programu za ofisi, zimo tayari. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029, kwa hiyo hutasumbuliwa kuhama kila mara. Inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, lakini ukitaka raha uwe na GB 4 au zaidi.

Kinachonifanya niiweke juu zaidi ni Timeshift, programu inayokuja nayo. Inahifadhi hali ya mfumo kwa ratiba unayopanga, kwa mfano kila siku. Sasisho likiharibu kitu, unachagua nakala ya jana, unabonyeza kurejesha, unawasha upya, basi. Ila angalia: kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi picha na nyaraka zako. Hizo ziwekee nakala kwenye diski ya pembeni.

Ya pili ni Zorin OS. Hii inapendeza macho kuliko Mint, na mpangilio wa skrini unabadilishwa kwa kubonyeza mara moja. Ukijisahau ukafungua faili la .exe (la Windows) la programu maarufu, inakuelekeza jinsi ya kupata programu hiyo au mbadala wake kwenye Linux. Mgeni anahitaji msaada wa namna hiyo. Kuna toleo la Pro la kulipia. Achana nalo kwa sasa, Core ya bure inatosha.

Ubuntu naiweka ya tatu, ingawa ndiyo yenye maelezo mengi kuliko zote mtandaoni. Chukua LTS tu, ile inayotoka kila baada ya miaka miwili na kutunzwa miaka mitano. Mwonekano wake una upau wa programu kushoto, unahitaji kuzoea. Firefox yake huja kama snap, yaani kifurushi cha programu cha Ubuntu, na kwenye diski ya kizamani huchelewa kufunguka mara ya kwanza.

Fedora ni nzuri kwa kompyuta mpya mpya, lakini kila toleo hutunzwa takriban miezi 13 tu, na draiva (programu za kuendesha vifaa) za kadi za michoro za NVIDIA zinahitaji hatua za ziada. Kali, Linux ya wapima usalama wa mitandao, iache kabisa. Vijana huikimbilia kwa sababu ya sifa za udukuzi, wakati wenyewe wanaoitengeneza wanasema haifai kwa anayeanza Linux.

Mashine dhaifu? Mint Xfce au Lubuntu, matoleo mepesi ya Mint na Ubuntu. Lakini usitarajie miujiza, kwani kivinjari chenye kurasa kumi kitameza RAM ile ile popote. Kubadilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kutaonekana zaidi kuliko kubadilisha aina ya Linux.

Usiniamini mimi, jaribu kwenye mashine yako. Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa, uiandalie kwa Rufus au balenaEtcher, programu zinazoandika faili la Mint ulilopakua kwenye flashi. Wakati kompyuta inawaka bonyeza F12, F2 au Esc kutegemea aina yake, uchague kuwaka kutoka kwenye flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Sasa kagua Wi-Fi, sauti, kamera na printa, halafu funga kifuniko na kukifungua uone kama inaamka. Wi-Fi isipoonekana, na chipu kadhaa za Broadcom zina tabia hiyo, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, kisha fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kuweka draiva.

Kama kazi yako inategemea Photoshop au Microsoft Office yenyewe, au mtoto anacheza mchezo wa Valorant, usiiondoe Windows, kwani hizo hazijatengenezewa Linux. Sakinisha Linux pembeni yake, ukiwa na ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri, umeandikwa mahali. Kwenye hatua ya diski chagua kusakinisha kando ya Windows. Chaguo la kufuta diski nzima liko hapo hapo karibu, na halibakizi kitu.