Cheti kipya kwenye diski, cha zamani kwenye tovuti: miaka yangu mitatu na Let's Encrypt

Asubuhi moja mteja alinitumia ujumbe: "Mbona nikifungua tovuti yako naambiwa kuna watu wanataka kuniibia taarifa zangu?" Nikafungua mwenyewe, nikakutana na ukurasa wa onyo wenye maneno NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Cheti, faili linalokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yangu kweli, kimeisha muda usiku. Nikaingia kwenye seva, nikaandika `certbot certificates`, amri ya kuonyesha hali ya vyeti, nikajibiwa VALID: 59 days. Kivinjari kinasema cheti kimekwisha, seva inasema bado kina siku 59. Na kumbe zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Nitarudi hapo. Kwanza nieleze kwa nini nilihamia Let's Encrypt.

Zamani nilikuwa nanunua cheti cha mwaka mmoja kupitia kampuni iliyokuwa inanihifadhia tovuti. Unatengeneza ombi kwenye paneli yao, unalinakili, unalibandika kwenye fomu, kisha unasubiri barua pepe ya kuthibitisha kwamba kikoa, yaani jina la tovuti, ni chako. Barua ile ilikuwa inakwenda kwenye anwani ya admin ya kikoa changu, anwani ambayo sikuwahi kuifungua. Siku mbili nzima nalaumu mtandao. Mwaka uliofuata wakanipa cheti bila kile cha kati kinachokiunganisha na mtoaji anayeaminika. Kwenye kompyuta yangu tovuti ikafunguka bila shida, kwenye simu za watu ikagoma, na huduma kwa wateja wakawa wananijibu kila mara, "Kwetu inafanya kazi."

Basi nikakodi seva yangu, nikaweka Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, na Certbot, inayoomba vyeti na kuvihuisha. Let's Encrypt ni ya shirika lisilo la faida, ISRG, na vyeti vyake ni vya bure; vyangu vilikuwa vya siku 90. Certbot inaweka faili dogo kwenye seva yako, chini ya `/.well-known/acme-challenge/`, wao wanakuja kulisoma kupitia poti 80, wakilikuta wanajua kikoa unakimiliki. Mambo yakienda sawa, ni kazi ya dakika moja.

Kwangu hayakwenda sawa. Kila nikiomba naambiwa 404, yaani faili halipo, na nikiliangalia lipo. Nikarudia amri, nikarudia tena, hadi nikagonga kikomo: ukishindwa uthibitisho mara tano ndani ya saa moja kwa jina lilelile, unawekwa benchi. Kumbe nilipohama nilibadilisha rekodi ya A peke yake, inayoelekeza kikoa kwenye anwani ya IPv4; ile ya AAAA, ya anwani ya IPv6, ikabaki inaelekeza seva ya zamani. Let's Encrypt wakiona una anwani ya IPv6 wanaanza na hiyo, kwa hiyo walikuwa wanabisha hodi kwenye nyumba niliyokwisha kuhama. Nikaifuta, nikasubiri kidogo, cheti kikatoka. Tangu hapo majaribio yangu yote nayapitisha kwenye mazingira yao ya majaribio, ambako vikomo ni vya ukarimu zaidi.

Sasa ile asubuhi. Certbot ilikuwa imefanya kazi yake bila kosa: siku 30 kabla ya cheti kuisha, ikaomba kipya na kukihifadhi kwenye folda yake. Ila Nginx husoma cheti inapowashwa au inapopakiwa upya, na hakuna aliyeiambia ipakie upya. Mwezi mzima ikaendelea kugawa kile cha zamani ilichokuwa nacho kwenye kumbukumbu, mpaka kikafa mikononi mwake. Kosa ni langu: nilichukua cheti kwa `certonly`, njia inayokupa cheti na kukuachia mengine, nikasahau hayo mengine.

Dawa yenyewe ilichukua sekunde, `systemctl reload nginx`. Lakini usiku ule wote wageni hawakuwa hata na kitufe cha kuendelea hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimewasha HSTS, nayo huvifundisha vivinjari visikubali njia ya mkato. Siku nilipoiwasha nilijiona fundi.

Mtu ataniuliza kama sikuwahi kujaribu. Nilijaribu. `certbot renew --dry-run` ilipita vizuri kila mara, ila jaribio hilo kwa kawaida halifiki kwenye hatua ya kupakia seva upya. Nilikuwa pia naitegemea barua pepe ya kukumbushwa, na Let's Encrypt waliacha kuzituma Juni 2025. Hata ingekuwepo isingenisaidia, maana kwenye rekodi zao cheti changu kilikuwa kimeshahuishwa.

Sasa nimeongeza `--deploy-hook` inayopakia Nginx upya kila cheti kipya kikitoka. Na kila asubuhi kompyuta nyingine, nje ya seva kabisa, inafungua tovuti kama mgeni yeyote, inasoma tarehe ya mwisho kwa `openssl s_client`, na ikikuta zimebaki chini ya siku 20 inanitumia ujumbe. Siiulizi tena seva hali ya cheti chake.

Cheti cha nyota, kile kinachofunika vijina vyote vya chini ya kikoa, nilikijaribu nikakiacha. Kinataka rekodi ya maandishi (TXT) kwenye DNS, kule kule zinakokaa zile rekodi za A na AAAA, na aliyenisajilia kikoa hana njia ya kuifanya programu iiandike yenyewe, kwa hiyo kila uhuishaji ningeufanya kwa mkono. Nimeorodhesha majina yangu sita kwenye cheti kimoja, yanatosha. Ila kila jina unaloliombea cheti huingia kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Jina la tovuti yangu ya majaribio, ambalo sikuwa nimempa mtu, lilianza kutembelewa na roboti siku hiyohiyo.

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeinyima njia nzima ya kuhuisha, ambayo inaweza kukwama kimyakimya namna hii. Hata anayenunua cheti hataikwepa: watoaji na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana mwaka 2025 kwamba kufikia Machi 2029 cheti cha tovuti kisizidi siku 47. Jirani yangu wa kazi bado anabandika vyeti vyake kwa mkono. Nimemtumia ile skripti ya asubuhi, amesema ataiangalia wikendi.