GPS ya baiskeli: achana na inchi za kioo, toka nayo juani kwanza

Malalamiko yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana. Mtu kanunua GPS kwa hela ndefu, nyumbani inawaka vizuri, akifika nayo Kisarawe saa tano asubuhi haoni kitu, anaishia kutoa simu mfukoni au kuuliza mama wa maandazi njia iko wapi. Mmoja kaniambia alivyorudi dukani akajibiwa "jua likipungua utaona tu dada". Jua likipungua! Yani nisubiri magharibi ndo nijue nakata kona wapi?

Kwa hiyo leo sigusi mapigo ya moyo, sigusi Bluetooth, wala kama inaingia Strava (app ya kurekodi safari), zote zinaingia. Naongelea kitu kimoja ambacho sioni watu wakikipima: ile barabara ya vumbi kwenye ramani, unaiona au huioni jua likiwa utosini? Angalia picha za matangazo, karibu zote zinaonyesha ukurasa wa namba, spidi imeandikwa kubwa nyeusi juu ya nyeupe. Hiyo hata kikokotoo cha muuza duka kinasomeka juani. Ramani ni habari nyingine. Vifaa vingi vinatumia data ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa kawaida lami inachorwa nene na ina rangi, ila njia ya mashambani inakuwa vijistari vyembamba vya kukatika-katika, kijivu juu ya krimu. Anayezunguka kwenye lami tu hatajali. Sisi ukishaacha lami Pugu, au Kigamboni ukiwa unaenda Kimbiji kwa njia za ndani, hivyo vijistari ndo barabara yenyewe.

Na msiseme ramani mbovu. Dar imechorwa vizuri kweli, vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar, walianza 2015 wakaingia mtaa kwa mtaa, mpaka mitaro imo. Njia zipo, kioo ndo kinazificha.

Kuna vioo vya aina mbili kubwa. Kimoja ni kama cha simu, mwanga unatoka nyuma, kwahiyo juani lazima kishindane na jua kwa kuongeza mwanga na betri inaliwa. Kingine kinarudisha mwanga wa jua lenyewe, jua likiwa kali ndo kinasomeka zaidi, ila ndani ya nyumba kinaonekana kimefifia, kama kimechakaa. Hapa ndo watu wanadanganyika, maana dukani chini ya taa kile cha simu kinang'aa na hiki kinaonekana cha zamani. Dar mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la mchana linapita karibu kabisa juu ya kichwa, taa ya dukani haikuambii chochote.

Namba moja kwangu ni Garmin Edge 540, na sifichi, napenda Garmin. Kioo chake cha inchi 2.6 ni cha ile aina ya pili, kina batani badala ya tachi (vidole vya jasho na vumbi mnavijua), Garmin wenyewe wanasema chaji inafika saa 26 kwa matumizi mazito. Ila sababu yangu hasa ni kwamba kwenye mipangilio ya ramani kuna sehemu ya kuchagua muonekano wa High Contrast, ukiiwasha zile rangi za urembo zinaondoka, njia zinajitokeza. Watu wengi wanayo na hawajawahi kuifungua. Ilitoka 2023 kwa dola 349.99 kule Marekani. Edge 840 ni ndugu yake mwenye tachi, ilitoka kwa dola 100 zaidi, mimi singetoa. Toleo la Solar, lile la kujichaji kwa jua, pia singelipia, betri ya kawaida inatosha safari zetu. Ukiwa na macho ya kuvaa miwani ya kusomea basi chukua Edge 1040, inchi 3.5, kioo cha aina ile ile.

Namba mbili Wahoo Elemnt Roam ya 2022. Ramani yake haina mbwembwe na hilo ni jambo zuri, mistari inasomeka, halafu ina vitaa vinavyowaka ukikaribia kona. Kinachoniudhi ni kwamba mipangilio karibu yote inapita kwenye simu, simu ikizima umekwama na ulichokipanga jana. Rangi 64 tu, lakini juani rangi nyingi za nini?

Tatu Hammerhead Karoo. Ramani nzuri kuliko zote hapa, kioo inchi 3.2, ndani ya nyumba utaipenda mpaka uote. Ila ni kioo cha aina ile ya simu na chaji ni saa kama 15, kwa mtu wa safari za asubuhi sawa.

Edge 1050 ya 2024 nimeiweka chini makusudi japo ni Garmin. Waliacha kile kioo cha jua wakaweka cha mwanga mkali, ni kikali kweli na kinasomeka, ila saa za betri zikashuka toka 35 za 1040 mpaka 20, na ilitoka kwa dola 699.99. Ina kengele ya umeme pia. Nani atasikia hiyo kengele mbele ya daladala?

Za bei rahisi: iGPSPORT BSC300 ina ramani, inatosha kuanzia. Chini ya hapo nyingi zinakupa mstari mtupu bila ramani, halafu zinauzwa kwa jina la "GPS navigation". Muulize muuzaji akuonyeshe jina la mtaa kwenye kioo, akianza kuzunguka ondoka.

Na wauzaji wenyewe sasa. "Bei njoo inbox", ukienda inbox anakuuliza bajeti yako ni shilingi ngapi, ukitaja tu ndo bei inazaliwa. Najua kuna ushuru, kuna VAT asilimia 18, kuna usafiri, sawa, andika bei tuone. Halafu kifaa kimetoka Ulaya kikiwa na ramani ya Ulaya, Tanzania haimo, mtu anakutoza hela "kuinstoo ramani" wakati za OpenStreetMap zinapakuliwa bure unaziingiza kwa waya wa USB. Na protekta ya kioo ya kung'aa anakubandikia bila kuuliza, hiyo ndo inaongeza kuakisi kabisa, ikatae.

Kabla hujalipa toka nayo nje ya duka saa saba mchana, zima mwanga wa nyuma, fungua ukurasa wa ramani, ishike umbali wa usukani na utafute kijistari chembamba. Vaa miwani yako ile ile ya kuendeshea, maana miwani ya polaraizi (ile ya kukata mng'ao) inaweza kufanya kioo kiwe cheusi kwa pembe fulani. Muuzaji akikukatalia kutoka nayo nje, kaa na hela yako.

Kama bajeti haifiki, tafuta Edge 530 ya 2019 iliyotumika, kioo ni inchi 2.6 vilevile. Angalia tu kifuniko cha mpira pale pa kuchajia, kikiwa kimekatika vumbi lishaingia, omba apunguze au achana nayo.