Mzee wa picha za zamani hapa Moshi: nyota nne, ningempa tano ila ngazi zile

Wadau mnaouliza nimesafishia wapi picha ya babu jibu ni hili hapa, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Ni kastudio ka ghorofani Moshi mjini, sio mbali na stendi, bango lenyewe limefifia, wewe uliza tu kwa mzee wa picha watakuonyesha.

Sasa picha yenyewe. Nyuma imeandikwa 1958 kwa penseli, babu bado kijana kabisa, kaptula, shati la mifuko miwili, skafu shingoni, anapeana mkono na mzee mmoja wa kofia pana. Mkono wa KUSHOTO. Kwetu hiyo picha ilikuwa kesi ya kila Krismasi, shangazi anasema babu alikuwa vijana wa TANU, baba mdogo anasema askari, afu wote wanakubaliana kwamba alikosa adabu siku hiyo. Mwanzo niliipeleka sehemu nyingine, jina siwapi, jamaa akaisafisha kwa simu dakika kumi, ikarudi inang'aa, skafu imekuwa kijani na ile mistari miwili myeupe ya kwenye mfuko kaifuta eti mikwaruzo. Shangazi alifurahi hadi akaiweka profile.

Mzee alivyoiona hiyo ya kijani alicheka, akaisukuma pembeni, "mjukuu, nipe ile yenyewe". Akaiskani kubwa mpaka unaona nyuzi za shati. Nikajua ataanza na beji, wapi, kaanza na vifungo! Kumbe negativu, ile filamu ya kuchapia picha, ikiwekwa kinyume wakati wa kuchapa kushoto inakuwa kulia, na shati ndio linasema ukweli, vifungo vikikaa kike, yani upande wa kushoto wa mvaaji, kwenye shati la mwanaume ujue picha imegeuka. Vya babu vimekaa kiume. Kwa hiyo mkono ni wa kushoto kweli, na mfuko wenye mistari ni wa kushoto kweli. Akasema basi, huyu skauti. Maskauti ndivyo wanavyosalimiana, kwa kushoto, na ile mistari miwili kwenye mfuko wa kushoto ilikuwa alama ya kiongozi wa patroli, kile kikundi kidogo cha maskauti. Yani yule jamaa wa simu alimvua babu cheo! Tulivyovuta zaidi kwenye beji tukaona lile ua la ncha tatu la maskauti, hapo hata mimi niliona.

Nikamuuliza na ya shangazi, mana TANU ilikuwepo tangu 1954, mwaka peke yake haumkatalii. Akasema sawa, ndio maana hatuangalii mwaka tu. Na rangi ya skafu akagoma kupaka katakata, nyeusi na nyeupe haikuambii kijani, na skafu za skauti kila kundi lina rangi yake. Kundi gani pia hakutaja, maandishi ya begani hayasomeki, akaniambia niulize wazee niliobaki nao. Nilimheshimu hapo, mwingine angeniuzia stori.

Nilikuwa na nyingine ya mama, ya rangi, miaka ya themanini, shati la kaki na skafu ya njano, nikajisemea ukoo wa maskauti huu. Mzee kauliza swali moja tu, "mama Msabato?" Ndio, Mpare wa Same. "Basi Watafuta Njia hao", akanionyesha beji ya pembetatu iliyosimama kichwa chini. Wasabato wana hilo kundi la vijana rasmi tangu 1950, mimi nimekula ugali wa huyo mama miaka yote sijawahi kuambiwa.

Mabaya yapo. Aliniambia kesho ikawa siku tisa, umeme ukikatika anakaa anapiga stori, na ngazi zake zimesimama vibaya, usimpeleke bibi. Skani elfu tano kwa picha, A4 na fremu elfu ishirini na tano, mwingine ataona ghali. Beba flashi yako, na picha ambayo haijaguswa na mtu, hiyo ndio muhimu.

Sasa babu yupo ukutani na mistari yake miwili. Shangazi bado anataka skafu ya kijani, nimempa namba ya mzee waelewane wenyewe.